Nguzo Baharini na Shimo Linalohama

Wanaoandika historia ya umeme wa kupwa na kujaa hupenda kuanza na mapanga. Kuna turbini 24 za La Rance, huko Bretagne nchini Ufaransa, zilizofungwa ndani ya ukuta wa zege na kuzinduliwa na Rais de Gaulle mwaka 1966. Kuna rafadha mbili za SeaGen zilizozunguka katika hori la Strangford, Ireland ya Kaskazini, kuanzia 2008. Kuna mtambo wa OpenHydro ulioshushwa katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada mwaka 2009, mapanga yake yakavunjika ndani ya wiki chache. Ni historia halali na ina vituko vyake, ila inaruka jambo moja. Kila mtambo unaosimama ndani ya mkondo unakanyaga kitu, na mara nyingi kitu hicho ni mchanga, changarawe au tope ambalo nalo liko safarini. Ninavyoona mimi, miguu ya mitambo hii ina mengi ya kutueleza kuliko mapanga yake. Tangu wahandisi waanze kusimamisha nguzo majini, maji yamekuwa yakifukua mchanga miguuni mwa nguzo hizo, na sijaona mbinu hata moja iliyolifuta lile shimo. Mbinu zote zimelihamisha: zimelipeleka mita kadhaa mbele, au miaka kadhaa mbele, au kwenye daftari la mlipaji mwingine. Anayepanga kuvuna umeme wa mkondo leo anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchora mapanga.

Tuangalie kwanza shimo linavyozaliwa. Mkondo unaokutana na nguzo hugawanyika. Sehemu yake hupita kushoto na kulia kwa kasi kubwa kuliko ile uliyokuja nayo. Sehemu inayogonga uso wa nguzo moja kwa moja haina pa kwenda, hivyo huteremka kando ya nguzo mpaka kwenye mchanga, hujiviringa, kisha huuzunguka mguu wa nguzo kwa umbo la kiatu cha farasi. Huo mviringo ndio jembe. Huchimba mbele na ubavuni, na maji yanayovurugika nyuma ya nguzo huzoa kilichochimbwa na kukitupa mbali. Kingo za shimo zikiwa kali mno huporomoka zenyewe, na shimo hupanuka huku likizama. Mutlu Sumer na Jørgen Fredsøe, waliofanya kazi yao Denmark, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba katika mkondo wa mfululizo juu ya mchanga mtupu kina cha shimo hufikia wastani wa mara 1.3 ya kipenyo cha nguzo. Kipimo hicho kimenakiliwa katika kanuni za ujenzi wa baharini kana kwamba ni amri, ingawa wenyewe walikitoa pamoja na mtawanyiko mkubwa wa 0.7. Kwa nguzo yenye upana wa mita 4 hiyo ni tofauti kati ya shimo la mita mbili na nusu na shimo la mita nane. Nguzo iliyozikwa mita 20 inaweza kuvumilia la kwanza bila shida. La pili ni habari nyingine.

Lakini mchanga huanza kutembea lini? Swali hilo lilipata jibu linalotumika mpaka leo katika tasnifu iliyoandikwa Berlin mwaka 1936 na Mmarekani, Albert Shields. Alionyesha kwamba jambo la kuangalia ni mburuto wa maji pale chini kabisa, ukipimwa dhidi ya uzito wa chembe ndani ya maji. Kasi ya maji ya juu peke yake haitoshi kueleza chochote. Shields alirudi kwao, hakupata kazi katika fani ya maji, akamaliza miaka yake akibuni mashine za kutengenezea maboksi ya karatasi, huku mchoro wake ukienea katika kila kitabu cha uhandisi wa mito na bahari. Weka mchoro huo kando ya hesabu ya umeme, uone kinachotokea. Umeme unaobebwa na mkondo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, na mburuto juu ya mchanga hukua kwa kipeo cha pili. Mchanga wa kawaida huanza kusogea mkondo ukifika karibu nusu mita kwa sekunde, ilhali turbini haianzi kuzungumziwa kibiashara mpaka mkondo wa bamvua uvuke mita 2 kwa sekunde. Kasi hiyo ni mara nne ya ile ya kwanza, kwa hiyo mburuto ni kama mara kumi na sita. Anayetafuta mahali bora pa umeme anatafuta, kwa hesabu ileile, mahali ambapo mchanga hautulii.

Wajenzi wa madaraja walilijua hili mapema, na walilijua kwa misiba. Aprili 5, 1987, nguzo namba tatu ya daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie, katika jimbo la New York, ilianguka wakati wa mafuriko. Magari matano yalitumbukia na watu 10 wakafa. Daraja hilo lilikuwa limehimili mafuriko makubwa zaidi mwaka 1955, muda mfupi tu baada ya kujengwa. Zege na chuma vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mawe. Wajenzi walikuwa wamerundika mawe kuzunguka vitako vya nguzo ili kuukinga udongo, na kwa miaka 30 maji yalikuwa yakiyachukua kidogo kidogo bila kurudishiwa mengine. Wachunguzi wa serikali kuu ya Marekani walitaja kutotunzwa kwa mawe hayo kuwa ndicho chanzo cha msiba. Mwaka uliofuata, 1988, ukatoka mwongozo wa kutaka madaraja ya nchi nzima yatathminiwe kwa hatari hiyo. Mto una hila nyingine pia: maji yakipungua, shimo hujazwa tena na mchanga mlegevu, na mpiga mbizi anayekagua wiki mbili baadaye hukuta chini pametandazika vizuri. Mchanga ule haubebi kitu, lakini macho hayawezi kuutofautisha na ule wa awali. Kwa hiyo kinga ya mawe ilikuwa imeliahirisha shimo, na deni la kuahirisha lilikuja kulipwa na watu ambao hawakujua kwamba kuna deni.

Jaribio kubwa kuliko yote la kushindana na shimo baharini lilifanyika Zeeland, kusini magharibi mwa Uholanzi. Usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953, dhoruba ilisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya kingo na kuua watu 1,836 nchini humo. Serikali ikapitisha mpango wa kuziba karibu milango yote ya bahari ya eneo hilo. Mlango mpana kuliko yote, Oosterschelde, ulipangiwa kuzibwa kabisa, na kufikia mapema miaka ya 1970 sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa imeshajengwa. Hapo wavuvi wa chaza na kome wa Yerseke na watetezi wa mazingira wakapaza sauti: maji ya chumvi yakikatwa, hori lote litakufa. Kazi ikasimamishwa 1974, na miaka miwili baadaye ikakubaliwa kujenga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijenga kwa ukubwa huo, yaani kizuizi chenye milango ya chuma inayobaki wazi siku zote na kufungwa dhoruba inapokuja tu. Uamuzi huo uliwapendeza wavuvi na kuwakosesha usingizi wahandisi. Ukuta uliozibwa hauna mkondo unaopita. Kizuizi kilicho wazi kinaruhusu bahari nzima kupita kati ya nguzo zake mara nne kwa siku, tena kwa nafasi iliyobanwa kutoka mita za mraba 80,000 hadi takriban 18,000, na chini yake ni mchanga mtupu unaoshuka makumi ya mita.

Walichofanya Waholanzi kinastahili kutazamwa kwa karibu. Walijenga kwanza meli, kila moja kwa kazi moja, wakazipa majina ya kisayansi ya kome na chaza wa hukohuko. Mytilus ilikuwa na sindano nne kubwa za chuma zilizotumbukizwa mchangani na kutikiswa, ili chembe zishikamane na mchanga ukaze hadi kina cha mita 15. Cardium ilifuata, ikikunjua mikeka. Ni mikeka kweli, iliyofumwa na kujazwa mchanga na changarawe kwa tabaka katika kiwanda cha kisiwa cha Neeltje Jans, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 200, upana wa mita 42 na unene wa sentimita 36, ukiwa umeviringishwa kwenye pipa kubwa kuliko nyumba. Mpangilio wa tabaka ulikuwa na siri yake: chembe nyembamba chini, nzito juu, ili maji yanayopanda na kushuka ndani ya sakafu yapite lakini mchanga usipite nayo. Kisha ikaja Ostrea, yenye umbo la herufi U, ikakumbatia nguzo moja moja zilizojengwa kwenye bwawa kavu na kisha kuzamishwa. Nguzo 65 ziliwekwa, nzito kati yao zikiwa na tani 18,000, na mamilioni ya tani za mawe yakamiminwa kuzizunguka. Malkia Beatrix alizindua kizuizi hicho Oktoba 4, 1986. Kilibuniwa kuishi miaka 200, na nguzo zake hazijasogea.

Je, basi shimo halikufutwa? Huu ndio mfano ambao mpinzani wa hoja yangu angeanza nao, na ana haki ya kuanza nao. Lakini twende tukatazame pale mikeka inapokoma. Ulinzi wa sakafu umetandazwa kwa zaidi ya mita 500 kila upande wa kizuizi, na baada ya hapo ni mchanga ule ule wa zamani. Mkondo unaotoka kwa nguvu katikati ya nguzo unapita juu ya mawe bila kupata cha kubeba. Ukifika ukingoni una kasi na hauna mzigo, kwa hiyo unajitwika. Pale ukingoni ndipo mashimo yalipochimbika, mengine yakifika kina cha zaidi ya mita 50 chini ya usawa wa bahari. Wahandisi hawakushangaa. Walikuwa wamekokotoa tangu mwanzo kwamba mashimo yatatokea, na urefu wa mikeka ulichaguliwa ili yatokee mbali kiasi kwamba hata mteremko ukiporomoka, maporomoko yasifike miguuni mwa nguzo. Kwa maneno mengine, walichagua shimo likae wapi. Mashimo hayakutii hesabu kwa kila jambo; tangu miaka ya 2010 wakala wa serikali wa maji, Rijkswaterstaat, umelazimika kumwaga mawe na mavi ya chuma kutoka viwandani kwenye kuta za mashimo ili zisiporomoke, na wapiga mbizi na wavuvi wakalalamika juu ya viumbe vilivyofunikwa. Kazi hiyo haina tarehe ya kumalizika.

Kuna pia uhamisho wa pili, wa polepole zaidi. Kwa kuwa mlango ulibanwa na mabwawa mengine yakajengwa nyuma yake, kiasi cha maji kinachoingia na kutoka Oosterschelde kilipungua kwa zaidi ya robo. Mifereji ya chini ya hori ikawa mipana kuliko maji yaliyobaki, na mkondo wake ukakosa nguvu ya kupandisha mchanga juu ya fungu. Dhoruba zinaendelea kushusha mchanga kutoka kwenye mafungu kwenda mifereji, na hakuna kinachoupandisha. Waholanzi wanaita hali hiyo njaa ya mchanga. Mafungu ambayo ndege wa pwani hulia chakula maji yakipwa yanazidi kushuka, na kwenye fungu la Roggenplaat ilibidi mwaka 2019 wamwage zaidi ya mita za ujazo milioni moja za mchanga kwa mabomba. Shimo lililokatazwa mguuni mwa nguzo liligeuka kuwa upungufu uliotawanyika katika hori zima, kilomita nyingi kutoka kwenye nguzo yenyewe.

Wajenzi wa mitambo ya upepo baharini walipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Kati ya 2003 na 2004 nguzo 30 zenye kipenyo cha mita 4.2 zilipigiliwa kwenye fungu la Scroby, nje kidogo ya mji wa Great Yarmouth nchini Uingereza. Mashimo ya karibu mita 5 yakachimbika, karibu sawa na utabiri wa Sumer na Fredsøe, na yakamiminiwa mawe. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha mashimo mapya kuzunguka marundo ya mawe, na mikia ya mchanga uliofukuliwa ikinyooka mbali kufuata mkondo. Rundo la mawe, kwa mtazamo wa maji, ni nguzo nyingine fupi na nene. Katika mlango wa Solway, kati ya Scotland na England, kituo cha Robin Rigg kilianza kazi 2010 kikiwa na mitambo 60, na 2015 miwili ikaondolewa kwa sababu fungu ilimosimama lilihama. Hapo hakukuwa na suala la shimo la nguzo moja. Mchanga wote ulikuwa njiani kwenda kwingine. Kisha Aprili 2021 kampuni ya Ørsted ya Denmark ikatangaza kwamba katika vituo vyake visivyozidi 10 nyaya za umeme zilikuwa zikisagika, na ukarabati ungegharimu karibu krona bilioni 3. Zilisagwa na nini? Na mawe yaleyale yaliyowekwa kuzuia mmomonyoko. Mirija ya kukinga nyaya ilikuwa ikiteleza na kusugua juu yake kwa kila wimbi. Safari hii shimo halikuhama kwenda kwenye mchanga mwingine; lilihamia kwenye ngozi ya waya.

Turbini za mkondo zilipoingia baharini, zilirithi somo hili lote bila kulisoma. Au labda zililisoma na kulikwepa. Kati ya wazee wa fani hii ni mhandisi Mwingereza Peter Fraenkel, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alishiriki kujaribu mtambo wa kuvuta maji ya kumwagilia mashamba kwa nguvu za Mto Nile karibu na Juba. Mtambo ule ulielea na kufungwa kwa kamba ukingoni, kwa hiyo haukuwa na mguu wa kufukuliwa. Aliporudi kwenye bahari ya kwao, mguu ukahitajika. Mwaka 2003 Seaflow, wenye kilowati 300, ulisimamishwa karibu na Lynmouth juu ya nguzo moja iliyotumbukizwa ndani ya tundu lililotobolewa sakafuni. Ulifuata SeaGen wa megawati 1.2, ulioshikwa na nguzo zilizopachikwa kwenye mwamba, na ulioondolewa kabisa kufikia 2019. Baada yake ukaja mradi wa MeyGen katika mlango wa Pentland, kaskazini kabisa mwa Scotland, ambako turbini nne za megawati 1.5 zimekalia viti vya chuma, kila kiti kikikandamizwa na vitalu sita vyenye jumla ya tani 1,200. Hakuna nguzo, hakuna mkeka, hakuna mawe ya kumwaga. Chini ni mwamba mtupu.

Kwa hiyo watetezi wa turbini wana jibu la moja kwa moja: tatizo la mchanga ni la watu wa upepo. Mkondo wenye nguvu za kutosha kuzungusha turbini ulishafagia mchanga wote maelfu ya miaka iliyopita, na kilichobaki ni jiwe. Jibu hili ni zuri, na kwa Pentland ni kweli. Lakini lina mipaka miwili. Kwanza, milango ya bahari yenye mwamba, mkondo mkali, kina cha wastani na gridi ya umeme jirani haipatikani kwa wingi, na kila mradi unaokua hulazimika kusogea kutoka katikati ya mlango kwenda pembeni, ambako mkondo hupungua na changarawe huanza. Pili, mwamba ulio safi ni safi kwa sababu mkondo unaufagia, na turbini kazi yake ni kupunguza nguvu ya mkondo. Watafiti waliochunguza kwa kompyuta mlango mdogo wa Stroma, uliko MeyGen, walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayosema kwamba mitambo ikizidi takriban megawati 85 ingeweza kubadili mburuto wa sakafuni kiasi cha kuruhusu mchanga kuanza kujikusanya mahali ulipokuwa ukipitishwa. Zilizopo leo ni megawati 6, na ruhusa ya eneo lote ni 398. Ikifika huko, tatizo litageuka sura: mchanga utakuja badala ya kuondoka. Ukichota nishati ya mkondo, mahali fulani mchanga lazima ubadilishe mwendo.

Jibu la pili linatoka maabara. Mkondo wa bahari hugeuka. Unachofukua unapojaa, hukirudisha unapopwa, kwa hiyo shimo la turbini litakuwa jepesi kuliko la daraja la mtoni. Majaribio yaliyochapishwa 2014 juu ya nguzo katika mkondo unaogeuka yaliunga mkono wazo hilo: shimo lilichimbika polepole zaidi na halikufikia kina kilichotabiriwa kwa mkondo wa upande mmoja. Ningelipokea bila neno kama mkondo ungekuwa sawa pande zote mbili. Katika hori nyingi sivyo. Maji hujaa kwa kasi na kupwa taratibu, au kinyume chake, na kwa sababu mchanga huitikia kasi kupita kiasi, tofauti ndogo kati ya kujaa na kupwa huzaa safari kubwa ya mchanga kwa mwaka. Halafu majaribio yale yalikuwa ya nguzo tupu, bila rafadha. Mwaka huohuo wa 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Minnesota, katika maabara yake ya maporomoko ya Saint Anthony kwenye Mto Mississippi, liliweka kielelezo cha turbini juu ya mchanga unaotembea. Likakuta rafadha inayozunguka inaharakisha na kuongeza uchimbaji kuliko nguzo isiyo na kitu, kwa sababu maji yanayokwepa rafadha hujisukuma kupitia nafasi nyembamba kati ya ncha ya panga na sakafu. Kanuni ya 1.3 haikuandikwa kwa nguzo inayozungusha maji juu yake.

Wengine wanasema tuachane na miguu kabisa. Mtambo wa Orbital O2, wenye megawati 2 na mwili wa mita 74, umekuwa ukielea Orkney tangu 2021, rafadha zake zikiwa karibu na uso wa maji ambako mkondo ni mkali zaidi. Hapo Fraenkel angetambua wazo lake la Juba. Ni njia ninayoiona kuwa ya busara kuliko zote, kwa sababu mtambo unaoelea unaweza kuvutwa kwenda gatini shimo likitisha. Hata hivyo una nanga na minyororo, na mnyororo unaoinuka na kulala juu ya mchanga kila maji yanapogeuka unachora mtaro wake. Mtaro huo ni mdogo kuliko shimo la nguzo, na si wa bure.

Pingamizi zito kuliko hayo yote ni la fedha. Mtu anaweza kukubali kwamba shimo huhama, kisha akauliza: kuna ubaya gani? Madaraja yanakaguliwa, mawe ni rahisi, na meli ya kupima kina hukodiwa kwa siku chache. Nakubali kuwa kila kipande cha kazi ni rahisi. Kinachokosekana ni anayebaki kuifanya. Hebu tazama turbini tano za kampuni ya Tocardo, megawati 1.25 kwa pamoja, zilizofungwa Septemba 2015 katika lango mojawapo la Roompot, ndani ya kile kizuizi cha Oosterschelde. Hazikuhitaji kutoboa sakafu wala kumwaga jiwe hata moja. Zilining'inizwa kati ya nguzo zilizowekwa miaka 30 kabla, juu ya mikeka iliyolipiwa na umma kwa sababu isiyo ya umeme, mbele ya mashimo yanayopimwa na serikali iliyokusudia kuwepo miaka 200. Ni mahali pazuri mno pa kuweka turbini, na sababu yake haina uhusiano na turbini. Gharama ya shimo ilikuwa imeshahamia kwa mlipaji asiyeondoka.

Katika mkondo wa Minas, ndani ya Ghuba ya Fundy, mpango ulikuwa tofauti. Julai 2018 mtambo wa Cape Sharp Tidal wenye megawati 2 na uzito wa takriban tani 1,000 ulishushwa chini. Siku chache baadaye kampuni ya Kifaransa ya Naval Energies, iliyokuwa ikiifadhili OpenHydro, waundaji wa mtambo huo, ikatangaza kuacha shughuli hiyo. OpenHydro ikafilisika, na mtambo ukabaki sakafuni na rafadha isiyozunguka. Sakafu ya pale ni mwamba wa volkano, kwa hiyo hakuna kilichofukuliwa. Ingekuwa fungu la Scroby, mguu wa tani 1,000 usio na mwenyewe ungeendelea kuchimbiwa kila bamvua, na meli ya kupima isingekuwa na wa kuituma. Leseni za mitambo hii hutolewa kwa miaka 25 hivi na huandikwa kwa megawati. Zinapaswa kutaja pia nani atapima sakafu mwaka wa tano, wa kumi na tano na wa ishirini na tano, kwa umbali gani kutoka kwenye mguu, na kwa fedha zipi zilizokwisha kuwekwa kando. Umbali huo uwe mkubwa kuliko upana wa ulinzi wenyewe, maana Zeeland na Scroby zote mbili zilionyesha kwamba shimo hutafutwa pale mawe yanapokoma. Na fedha zikatwe mtambo ukiwa bado unauza umeme, kwa kuwa baada ya hapo aliyeusimamisha huenda hayupo tena wa kudaiwa.